SOLA YA KIKUNDI IKIZIMA: PIMA KWANZA, NDIPO UNUNUE



Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kutafuta kosa wakati stima ya sola inapokatika. Somo ni la vikundi vya kujisaidia vyenye sola ya betri ya volti 12, ile ya kuchajia simu, kunyolea nywele, kuwashia taa za ukumbi au kuendeshea redio na televisheni. Katika Isiolo, kuanzia Ngaremara na Oldonyiro hadi Kinna, Garbatulla, Merti na Sericho, nguzo za stima hazijafika kila kijiji, lakini jua tunalo. Kwa hiyo sola ni mali ya maana, na kuitunza ni kazi ya wanachama wote, si ya fundi peke yake.

Someni pamoja, polepole. Anayejua kusoma awasomee wengine, na ikiwezekana fanyeni kila hatua mkiwa mbele ya sola yenu.

KWA NINI SOMO HILI

Sola ikizima, mara nyingi moja kati ya mambo mawili hutokea. La kwanza, mtu anasema, "Betri imekufa." Wanachama wanachanga pesa, mmoja anapanda gari hadi Isiolo mjini, na betri mpya inaletwa. Baada ya miezi michache hiyo mpya nayo inazima, na sasa kikundi hakina stima wala akiba.

La pili ni baya zaidi. Watu wanaanza kunong'ona. Yule aliyeachiwa ufunguo wa chumba anaambiwa kwamba usiku anachaji simu za marafiki zake. Mweka hazina anaambiwa alinunua betri ya bei rahisi na kula chenji. Hakuna aliyepima kitu, lakini kila mtu ana hukumu yake. Kikundi kilichodumu miaka mingi kinaweza kuvunjika hivi hivi, na kumbe kosa lilikuwa ni kibano cha betri kilichoshika kutu.

Shikeni jambo moja katika somo hili lote: pima kabla ya kununua, na pima kabla ya kulaumu.

STIMA INAPITA NJIA GANI

Fikirini mradi wa maji. Kuna pampu inayovuta maji kisimani, kuna tangi linaloyaweka, kuna mabomba, na mwisho kuna mifereji ambapo watu wanateka. Sola ni vivyo hivyo:

1. Paneli ni pampu. Inafanya kazi wakati wa jua tu.
2. Kontrola, kile kisanduku kidogo chenye taa, ni mlinzi wa tangi. Huzuia betri isijae kupita kiasi wala isikauke kabisa.
3. Betri ni tangi.
4. Waya, fyuzi na swichi ni mabomba na viungo vyake.
5. Inveta, taa, simu na televisheni ni mifereji. Inveta hubadilisha volti 12 za betri kuwa volti 240 kama zile za nguzo.

Volti ni nguvu ya kusukuma, kama shinikizo la maji katika bomba. Ampea ni wingi wa stima inayopita. Wati ni kazi inayofanyika. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati.

Sasa angalieni jambo hili, maana ndilo linalowapoteza wengi. Bomba likiwa limeziba nusu kwa mchanga, na mifereji yote imefungwa, bomba litajaa maji na utadhani ni zima. Fungua mfereji ndipo utaona maji yakidondoka matone. Waya mbovu hufanya hivyo hivyo. Bila kazi, mita inaonyesha volti 12 na zaidi. Washa televisheni, volti zinaanguka. Kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa wakati kila kitu kimezimwa hakitoshi. Lazima mpime pia wakati vyombo vinafanya kazi.

VIFAA VYA KUWA NAVYO

- Mita ya kupimia stima. Ile ndogo ya bei nafuu inatosha.
- Taa ya kupimia: balbu ya gari ya volti 12, wati 55, iliyofungwa waya mbili. Balbu hii hula ampea kama nne na nusu, kwa hiyo ni mzigo wa kweli wa kujaribia betri.
- Spana, bisibisi, msasa na mafuta ya vaselini.
- Haidromita ya kupimia asidi, kama betri yenu ina vifuniko vya kufunguliwa.
- Daftari na kalamu. Msidharau hivi viwili.

Mita iwekwe kwenye V yenye mstari mnyoofu, mahali palipoandikwa 20. Hiyo ndiyo ya betri. V yenye alama ya wimbi ni ya stima ya nguzo au inayotoka kwenye inveta. Msiiguse katika somo hili. Mnapopima paneli yenyewe, wekeni kwenye 200, kwa sababu paneli inaweza kupita volti 20.

TAHADHARI KABLA YA KUANZA

Betri ya volti 12 haiwezi kukurusha kama stima ya nguzo, lakini inaweza kukuunguza na hata kulipuka. Vueni pete, bangili na saa. Msivute sigara wala kuwasha kibiriti karibu, kwa sababu betri inapochajiwa hutoa gesi inayoshika moto. Fungueni dirisha. Spana isiguse tamino zote mbili kwa pamoja. Asidi ikimwagikia ngozi au macho, osheni mara moja kwa maji mengi safi, na ikiwa ni machoni mpelekeni mtu huyo hospitali. Watoto wakae mbali.

Mkitaka kufungua waya, tenganisheni paneli kwanza, kisha betri. Wakati wa kurudisha, betri iwe ya kwanza na paneli iwe ya mwisho. Kontrola nyingi huharibika kwa sababu ya kukosa kufuata mpango huu.

Upande wa inveta unaotoa volti 240 unaua sawasawa na stima ya nguzo. Huko mwachieni fundi mwenye leseni.

HATUA YA 1: ULIZENI NA KUANGALIA

Kabla ya kushika spana, ulizeni maswali. Sola ilizima lini? Ilizima ghafla au ilikuwa inapungua siku baada ya siku? Inazima jioni tu au hata mchana? Kuna chombo kipya kilichoongezwa? Kuna mtu aliyehamisha betri au kufagia nyuma yake?

Ikiwa ilizima ghafla, shukuni fyuzi, waya uliochomoka au swichi. Ikiwa ilipungua pole pole, shukuni vumbi kwenye paneli, matumizi yaliyozidi au betri iliyozeeka. Ikiwa inazima pale tu chombo kikubwa kinapowashwa, shukuni viungo na waya nyembamba.

Kisha angalieni kwa macho. Kuna unga mweupe au wa kijani kwenye tamino? Waya umeguguniwa na panya? Paneli imefunikwa na vumbi au kinyesi cha ndege? Kivuli cha mti kinaifikia? Kumbukeni kwamba hata kivuli cha tawi moja la mgunga kikiangukia sehemu ndogo ya paneli, stima inaweza kupungua sana, si kidogo.

HATUA YA 2: PIMENI BETRI IKIWA IMEPUMZIKA

Wakati mzuri ni alfajiri kabla jua halijapata nguvu, na vyombo vyote viwe vimezimwa angalau saa tatu. Wekeni sindano za mita kwenye tamino zenyewe, nyekundu kwa chanya na nyeusi kwa hasi. Kwa betri ya kawaida ya asidi, someni hivi:

Volti 12.7 – imejaa
Volti 12.4 – robo tatu
Volti 12.2 – nusu
Volti 12.0 – robo
Volti 11.8 – imekwisha

Mwaona kwamba kati ya kujaa na kwisha haifiki hata volti moja. Ndiyo sababu kusema "inasoma kumi na mbili, basi ni nzima" ni makosa. Betri inayosoma 12.0 imebaki na robo tu.

Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja chatoa kama volti 2.1. Ikiwa mmeichaji siku nzima kwa jua zuri, halafu ikipumzika inasoma karibu 10.5, yaelekea chumba kimoja kimekufa. Kama mna haidromita, pimeni kila chumba baada ya kuchaji. Vyumba vikitofautiana sana, kwa mfano vitano vinasoma 1.250 na kimoja kinasoma 1.150, hicho kimoja ni kibovu na betri haiponi.

Angalizo: jedwali hili si la betri za lithiamu, zinazopatikana katika vifurushi vingi vya sola vya siku hizi. Lithiamu ya volti 12 inaweza kusoma karibu 13.2 kwa muda mrefu huku chaji ikiendelea kupungua. Msiifungue, irudisheni kwa aliyewauzia.

HATUA YA 3: PIMENI BETRI IKIBEBA MZIGO

Chajini betri hadi ijae. Tenganisheni paneli, kisha fungeni taa ya kupimia moja kwa moja kwenye tamino na kuiacha iwake dakika thelathini. Pimeni volti kila baada ya dakika kumi na kuandika.

Betri nzima ya ampea-saa 100 itashuka kidogo halafu itulie juu ya volti 12. Ikianguka chini ya 11.5 katika dakika chache, na mna hakika ilikuwa imejaa, betri hiyo imechoka. Hapo ndipo mnaweza kuzungumza habari ya kununua nyingine. Lakini ikisimama vizuri, msiiguse tena. Kosa liko mahali pengine.

HATUA YA 4: TAFUTENI VOLTI ZILIZOLIWA NJIANI

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi huiruka, na ndiyo inayookoa pesa nyingi. Washeni vyombo vyote ambavyo kwa kawaida huwaka pamoja. Wakati vinafanya kazi, pimeni volti kwenye tamino za betri, kisha pale waya unapoingia kwenye inveta au kontrola. Vipimo hivi viwili vikaribiane. Vikipishana sana, volti zinaliwa njiani.

Kumjua mlaji ni rahisi. Wekeni sindano moja juu ya tamino yenyewe, ile ya risasi, na nyingine juu ya kibano kinachoishika. Hivyo vitu viwili vinagusana, kwa hiyo mita inapaswa kusoma karibu na sufuri. Ikisoma nusu volti, kutu imekaa katikati yao. Fanyeni hivyo kwa kila kiungo: ncha mbili za fyuzi, ncha mbili za swichi, mahali waya ulipoungwa. Popote mita inaposoma zaidi ya sehemu moja au mbili za kumi za volti, hapo pana kazi.

Fyuzi ikiwa imekatika, upande mmoja wa fyuzi utasoma 12 na upande wa pili sufuri mkilinganisha na tamino hasi. Wekeni fyuzi mpya ya kipimo kile kile. Msiweke msumari, karatasi ya sigara wala waya. Fyuzi imewekwa ili ife yenyewe nyumba isiungue. Na ikikatika tena mara moja, msiongeze ukubwa. Tafuteni waya uliogusana na mwenzake.

HATUA YA 5: PANELI NA KONTROLA

Kama betri ni nzima lakini kila asubuhi iko chini, ulizeni: je, inajazwa? Siku ya jua, pimeni betri saa mbili asubuhi na tena saa sita mchana, vyombo vikiwa vimezimwa. Betri inayopata chaji hupanda kupita 13, na ikikaribia kujaa hufika kama 14.4.

Isipopanda, pimeni mahali waya wa paneli unapoingia kwenye kontrola. Kwa zile kontrola ndogo za kawaida, matokeo huwa matatu:

- Paneli inasoma juu kidogo tu ya betri, na betri inapanda: chaji inaingia vizuri.
- Paneli inasoma 19 hadi 21, na betri iko chini wala haipandi: stima inafika mlangoni lakini haiingii. Kazeni skrubu za kontrola, angalieni fyuzi yake. Ikiwa bado, kontrola ni mbovu.
- Paneli inasoma sufuri au volti chache: waya wa juu umekatika, au kiungo cha nyuma ya paneli kimeoza.

Kontrola kubwa za aina ya MPPT husoma tofauti, kwa hiyo kwa hizo fuateni kitabu chake.

Paneli ioshwe kwa maji matupu na kitambaa laini asubuhi kungali baridi. Mchana kioo kikiwa moto, msikimwagie maji baridi. Hapa Isiolo tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kwa hiyo paneli haihitaji kusimama sana. Mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha ili mvua ioshe vumbi.

HATUA YA 6: VYOMBO VYENYEWE

Kila kitu kikiwa sawa hadi hapo, zimeni vyombo vyote, kisha washeni kimoja kimoja. Kile kinachofanya inveta ilie au fyuzi ikatike ndicho chenye kosa. Chaja ya simu ya bei ya chini au mashine ya kunyolea yenye waya uliochubuka inaweza kuzima sola nzima.

MFANO WA KUJIFUNZIA

Tuseme kuna kikundi cha akina mama huko Kinna chenye sola ya kuchajia simu na kunyolea. Jioni, televisheni ikiwashwa, inveta inalia na kuzima. Mwenyekiti amekwisha kutangaza mchango wa betri. Fundi kijana wa pale kijijini anaomba nafasi.

"Mama Mwenyekiti," anasema, "hebu tupime kwanza. Tukikuta ni betri, mimi mwenyewe nitaenda nanyi mjini kuichagua."

"Haya mwanangu, pima. Lakini ueleze sisi sote tukisikia."

Alfajiri betri inasoma 12.5. Si mbaya. Jioni wanawasha vyombo vyote, kama ampea 10 hivi. Kwenye tamino inasoma 12.2. Bado nzuri. Lakini kwenye mlango wa inveta inasoma 10.4 tu! Inveta nyingi hujizima zikifika karibu 10.5. Volti 1.8 zimepotea kati ya betri na inveta.

Fundi anaweka sindano juu ya tamino na kibano chake: volti 0.8. Chini ya kile kibano kuna kutu nyeupe. Volti 1.0 iliyobaki imeliwa na waya, kwa sababu ni waya wa taa wa unene wa milimita-mraba 1.5, na inveta imewekwa mita nne kutoka kwa betri. Stima inakwenda mita nne na kurudi nne, jumla mita nane. Kwa ampea 10, waya wa unene huo hula karibu volti moja kamili.

Dawa yake: tamino zinasuguliwa kwa msasa na kupakwa vaselini baada ya kukazwa. Inveta inasogezwa hadi mita moja kutoka kwa betri, ila isiwe juu yake kabisa kwa sababu ya ile gesi. Waya mnene wa milimita-mraba 10 unanunuliwa. Sasa mlango wa inveta unasoma karibu 12.1 na televisheni inawaka. Waya wa mita mbili si sawa na bei ya betri, na hakuna mtu aliyeitwa mwizi.

HESABU YA MATUMIZI

Wakati mwingine mita haionyeshi kosa lolote, na bado betri inakwisha. Hapo kosa liko katika hesabu. Chukueni paneli ya wati 100. Kwa saa tano za jua kali ingetoa wati-saa 500, lakini joto, vumbi na hasara za betri hupunguza. Hesabuni 350 hivi za kutumia kila siku.

Sasa andikeni matumizi:

Simu kubwa 10, kila moja wati-saa 20: 200
Taa 4 za wati 5, saa tano: 100
Redio ya wati 10, saa tano: 50
Jumla: 350

Hapo mapato na matumizi yako sawa. Halafu ongezeni mashine ya kunyolea ya wati 15 kwa saa nne (60) na televisheni ya wati 40 kwa saa nne (160). Jumla inakuwa 570. Kila siku mnatumia 220 msizokuwa nazo. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba pia hukimaliza. Betri mpya haitasaidia. Tangi kubwa halijazwi na pampu ndogo. Ama mpunguze matumizi, ama muongeze paneli, tena kontrola iwe ya kuweza kubeba.

Betri ya asidi ikikaa bila kujaa wiki baada ya wiki huharibika ndani isirudi tena. Joto nalo huifupishia maisha: kwa kawaida kila nyuzi 10 za joto zinazopita 25 hukata maisha ya betri karibu nusu. Kwa hiyo isiwekwe chini ya bati tupu linalochomwa na jua. Iwekeni chumba chenye kivuli na hewa, juu ya ubao. Ikihitaji kuongezwa maji, tumieni maji ya betri ya dukani. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, nayo huua betri.

BETRI IKIFA KWELI

Ikiwa vipimo vimeonyesha kwamba imekufa, nunueni ya sola, si ya kuwashia gari. Ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, haistahimili kutumiwa hadi chini kila siku. Msiunganishe betri mpya na kuukuu. Ile kuukuu itaivuta mpya chini.

Betri kuukuu isitupwe wala kuvunjwa kijijini. Ndani mna risasi, sumu inayodhuru hasa akili za watoto. Huko Mombasa, wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru walidhurika kwa risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamua walipwe fidia. Msimwage asidi chini, wala msiyeyushe risasi kwenye jiko. Rudisheni betri kwa muuzaji. Wengi huipokea na kupunguza bei ya mpya.

UJUZI SI WA MBALI

Msiseme haya ni mambo ya watu wa Nairobi. Katikati ya miaka ya 1980, jirani zetu wa Meru walifungiwa sola katika shule ya sekondari ya Karamugi, katika kazi iliyoongozwa na Wamarekani Harold Burris na Mark Hankins, na mafundi wa huko huko wakafundishwa. Sola za vijijini Kenya zilienea kupitia mikono ya mafundi kama hao.

Hata hivyo sheria ipo. Tangu mwaka 2012 Kenya ina kanuni za sola, na anayefunga sola anatakiwa awe na leseni. Leseni hizo sasa hutolewa na EPRA, mamlaka ya kawi na petroli. Kupima, kusafisha na kuweka daftari ni kazi yenu. Kufunga mtambo au kugusa 240 ni kazi ya mwenye leseni, na ni haki yenu kumwomba awaonyeshe.

DAFTARI LA SOLA

Wekeni daftari lenye mistari mitano: tarehe, volti za alfajiri, simu zilizochajiwa, vyombo vilivyowashwa, na aliyepima. Wanachama wawili wapime kwa zamu, kila wiki wengine. Dakika tano zinatosha.

Daftari hili linaonyesha betri inavyoshuka mapema kabla ya kuzima. Pia linamlinda mwenye ufunguo. Siku mtu akisema, "Huyu ndiye anayemaliza stima," daftari linafunguliwa mbele ya wote. Kama simu zilizoandikwa zinalingana na volti zilizoshuka, maneno yanakwisha. Kama hazilingani, mnajua pa kuulizia, tena kwa heshima, maana mna kipimo mkononi na si uvumi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Mara ya mwisho sola yetu ilipozima, tulipima nini kabla ya kutoa pesa?
2. Kwa nini betri inayosoma volti 12.0 si betri iliyojaa?
3. Kwa nini ni lazima kupima wakati vyombo vimewashwa?
4. Tuandike vyombo vyetu vyote na wati zake. Je, paneli yetu inatosha?
5. Ni wanachama gani wawili watakaoanza zamu ya daftari wiki hii, na nani atanunua mita?

Kazi ya nyumbani: kesho alfajiri, kabla ya mtu kuwasha chochote, pimeni betri yenu na muandike tarakimu ya kwanza katika daftari.